Dozi Niliyoirudia kwa Usingizi

Mama mwenzangu unayelea mtoto asiyeweza kujigeuza kitandani, soma haya kabla hayajakukuta.

Binti yangu, tunamwita Kidosho, ana miaka saba. Usiku lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachubuka. Miaka yote nimemgeuza mimi. Wifi yangu, tunayekaa naye nyumba moja, alikuwa akiniomba, "Wifi, niachie hata siku mbili kwa wiki."

Namjibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Haya, mzazi. Juzi umemshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto."

Kweli nilishona. Mimi ni fundi cherehani, na kosa lile nililisingizia macho.

Basi asubuhi moja, saa moja, nikampa Kidosho dawa yake ya kifafa, nikakaa kwenye cherehani. Usingizi ukanibeba hapo hapo. Niliposhtuka wingu limetanda, nje giza giza, nikaamini ni jioni. Dozi ya jioni! Nikampa. Naye akameza; hajui kusema, angenikataza vipi?

Wifi akarudi kutoka sokoni. "Mbona unawasha taa saa tatu asubuhi?"

Nikamnyakua Kidosho kitandani, tukatoka mbio.

Tulifika zahanati Kidosho amelegea kama nguo mbichi. Muuguzi akampima, akasema anapumua vizuri, ila tusiondoke mpaka aamke. Kisha akanigeukia. "Mama, umelala lini mara ya mwisho?"

"Jana alilala vizuri, ila alfajiri alikoroma kidogo..."

"Sijamuuliza mtoto. Nimekuuliza wewe."

 Nilikaa pale nikihesabu pumzi za mwanangu mpaka alasiri, alipofumbua macho na kulalamika njaa kwa ule mguno wake. Nikalia, wifi naye akalia.

Usiku ule nilimkabidhi wifi zamu ya kumgeuza, akalala na Kidosho. Mimi nilijilaza chumbani kwa wifi, nikaamka mara mbili kwenda kuwachungulia. Mara ya tatu nikakuta kitasa kimefungwa kwa ndani.

"Wifi, nenda kalale! Unatuamsha."

Nililala mpaka jua likanichoma usoni.

Sasa tunapokezana, na kila dozi inatiwa alama kwenye karatasi ukutani kabla chupa haijarudi kabatini. Wewe kama huna wifi, mwombe jirani, mwombe hata baba wa mtoto. Usingoje mpaka ukae zahanati kuhesabu pumzi.