Kitako cha Kopo la Buluu

Pua yangu ndiyo ilikuwa kali kuliko zote katika pwani yetu ya kaskazini, na mashine ya chuo kikuu ilifundishwa kwayo. Haya, si kali hivyo. Mwenye pua alikuwa Gunvor, akashika mimba akawa anatapika hata kwa harufu ya kahawa, nami ndiye niliyekuwa nakaa jirani na kiwanda, nikashika nafasi yake.

Kiwanda ni cha Rutger Sundelin, cha samaki wa kuchacha. Wanatiwa makoponi wakiwa bado wanachacha, kopo linavimba kama shavu lenye jino bovu. Alhamisi ya tatu ya Agosti tunawala na mkate mwembamba, viazi na kitunguu, tena uani, maana ndani hakukaliki kwa harufu. Kuwala ni raha. Kuwanusa kwa kazi ni laana. Mimi na mwenzangu Hjördis tulikuwa tunashinda tunanusa, kila kopo tunalipatia alama: moja ni mchacho mtamu, tisa ni mzoga, kamwageni. Harufu ile inaganda nywelini, inakufuata mpaka kwenye siagi ya nyumbani. Mume wangu alihamia chumba cha wageni. Hilo peke yake lilikuwa na faida.

Basi akaja Lennart, kijana wa chuo, vidole safi, leso yenye marashi puani. Leso ile ilinichefua kuliko samaki. Mashine yake ilipitisha mwanga kwenye maji ya kopo, ikachora mstari wenye vilima na mabonde. Kisha mahesabu, ambayo jina lake refu lina miraba midogo ndani yake, yakatafuta ni vilima gani vinapanda pale alama za pua zetu zinapopanda. Vilima vinavyokwenda pamoja aliviunganisha kuwa nguzo moja, kisha nyingine. Mwenyewe alitueleza: nguzo zikipungua, mashine haioni kitu, zikizidi, inakariri tu, kama mtoto aliyepewa majibu kabla ya mtihani.

Ndiyo maana makopo mengine yaliwekwa kando. Tuliyanusa, tukaandika alama kwa chaki kwenye kitako, yakasimamishwa rafuni. Mashine isiambiwe, na mtu asiyapindue mpaka siku ya majaribio. Ikipatia, Sundelin ataiachia kazi, na sisi hatutanusa tena maisha. Niliiombea mashine ile kuliko nilivyowahi kuwaombea wanangu.

Sasa, moja ya makopo hayo lilikuwa na utepe wa buluu. Tulipolizibua, Hjördis alishika meza. Maji yalikuwa ya kijivu, yanavutika kama kamasi, yananuka choo na kitu kilichofia chini ya sakafu. Tukaandika tisa. Halafu nikamwambia, shoga, hebu tumtanie huyu wa marashi. Nikaifuta ile tisa kwa mate, haikutoka yote, nikaandika mbili. Mashine ikisema tisa, tutamwacha ahangaike kidogo, kisha tutamwambia. Hjördis alicheka mpaka akavuta pumzi ndefu, na mle ndani hilo ni kosa.

Baada ya hapo Lennart alinuna siku nyingi. Mahesabu yalikuwa yanayumba. Kisha asubuhi moja akaja anapiga mluzi.

Siku ya majaribio Sundelin alikuja na tai. Mashine inasoma, Lennart anataja namba, Sundelin anapindua kopo. Nne, nne. Saba, saba. Sundelin akaanza kutabasamu, mimi nikaanza kuota nywele zinazonukia sabuni. Likafika la buluu.

"Mbili," akasema Lennart.

Ningenyamaza, ningekuwa huru siku ileile. Lakini nikaiona kamasi ile ya kijivu juu ya viazi vyangu vya Agosti, na Sundelin tayari ameshanyoosha mkono.

"Ngoja, Rutger," nikasema. "Usilipindue kwanza. Kopo hilo ni tisa. Linatakiwa kumwagwa."

"Mashine inasema mbili, bibi," akasema Sundelin.

"Basi mashine ilale nalo chumba kimoja."

Sundelin akamtazama kijana, akamuuliza, kwa upole kabisa, kama aliwahi kuyagusa makopo ya rafuni. Lennart akashusha leso. Akaapa kwamba hajayagusa, wala hajayasogelea. Mwanga ndio umeona vile, na pua za wazee huchoka.

"Pua yangu imechoka, ni kweli," nikasema. "Lakini mzoga ni mzoga. Tisa."

Uso ukamwiva Lennart. "Sasa mbona unageuka, bibi? Tisa mliifuta wenyewe, mkaandika mbili."

Hjördis akaziba mdomo kwa aproni. Sundelin alikuwa bado amenyoosha mkono. Kopo la buluu lilikuwa limesimama mezani, kitako chini, na hakuna aliyekuwa amelipindua.