Ondoa Msamaha Wako

Mshonaji alimvisha mama yake gauni jeupe, akamfunga kichwani kitambaa cha Umoja wa Wanawake, kisha akamwegemeza kwenye mito asije akateleza. Mama alikuwa amekwisha. Alibaki macho na mdomo. Lakini kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mchungaji alipomletea Meza ya Bwana nyumbani baada ya ibada, mama alitaka akutwe amekaa, amevaa, ananukia sabuni. "Bwana haji kwa mtu aliyejilaza kama gunia," alikuwa akisema.

Wakangoja. Watu waliotoka kanisani wakapita dirishani na sauti zao, mpaka barabara ikanyamaza. Mama akaanza kuinama upande mmoja, Mshonaji akamwinua. Akainama tena.

Mchungaji hakuja. Alikuja Katibu wa Umoja wa Wanawake, mikono mitupu, akasimama kizingitini.

"Karibu ndani, dada."

"Nimekaribia. Siketi."

Huyu ni mtu aliyezoea kuingia nyumba hiyo bila hodi na kufunua vyungu kuona kilichopikwa. Leo haketi.

"Mchungaji anasema mama asubiri kwanza," Katibu akasema, akiongea na sakafu. "Mpaka lile jambo lako liishe."

"Mama kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Lakini si mnaishi nyumba moja? Meza haiingii nyumba yenye neno. Na wewe mwenyewe unaitwa, kesho, baraza la wazee." Akageuka akaenda zake haraka, kama aliyeacha maziwa jikoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: Mshonaji alikuwa amesamehe.

Yeye na mdogo wake walikuwa wakishona makava katika kiwanda cha magodoro. Mdogo wake watu walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika, na hata cherehani zote zikiunguruma ungemsikia yeye akicheka. Chumba cha washonaji kilifungwa kwa kufuli, kwa nje, kila asubuhi hadi saa ya chakula. Mwenye kiwanda alisema vitambaa vyake vinatembea. Ufunguo aliutia mfukoni mwake mwenyewe, hata mlinzi hakumwachia. Watu walimwita Mzee Godoro akiwa hayupo. Akiwapo walimwita mzee wetu, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa, tena mwenye kiti cha mbele.

Siku sponji iliposhika moto, Mshonaji alikuwa ametolewa nje kushusha majora ya vitambaa kwenye lori. Alimwona mlinzi akiligonga kufuli kwa tofali, analia huku anagonga. Aliwasikia waliokuwa ndani. Sauti ya mdogo wake aliitambua katikati ya sauti zote. Mzee Godoro wakati huo alikuwa kwenye baraza la kanisa, wanachagua rangi ya kupaka madhabahu, na ufunguo uko mfukoni. Mlango ulipokuja kuvunjika hakukuwa tena na wa kumfungulia.

Kwenye mazishi ilitajwa ajali, ukatajwa moshi. Kiwanda kilileta majeneza mazuri yenye vishikio vya kung'aa. Mama naye aliambiwa habari ya moshi, na Mshonaji hakumsahihisha. Ungemwambiaje mama mzazi habari ya kufuli?

Tangu hapo kusali kukawa kazi. Katika ile sala ya kila siku, akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mdomo unagoma. Wengine wangeruka hapo wakaendelea na maisha. Yeye hakuwa mtu wa kuruka. Imani aliishika kwa meno, na aliamini kabisa kwamba mtu asiyesamehe anajifungia mwenyewe nje. Kila asubuhi alijaribu kusema "nimemsamehe", na kila asubuhi neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alifunga kula. Alijitukana. Halafu siku moja, yuko kwenye cherehani nyumbani anapinda sketi ya mteja, neno likatoka lenyewe, likatoka zima, na alipolichunguza akaona ni la kweli. Alilia akailowesha sketi ya watu.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alhamisi yake, kwenye maombi ya akina mama, wenye ushuhuda waliposimamishwa, akasimama.

"Bwana asifiwe. Mimi nimemsamehe mzee wetu kwa ule mlango aliowafungia kina Chiriku."

Alidhani watapiga vigelegele. Wanawake wakatazama viatu vyao. Hata amina haikutoka.

Baraza lilikaa katika chumba cha nyuma ya madhabahu, ambacho bado kilinuka rangi. Mzee Godoro alikaa pembeni, kwa maelezo kwamba hawezi kuamua shauri linalomhusu, ingawa chai ilianza kumiminwa kwake. Mshonaji alipewa kiti cha peke yake katikati.

"Dada yetu," Mchungaji akaanza kwa upole, "tumesikia umemsamehe mzee wetu."

"Ndiyo, Mchungaji. Haikuwa rahisi, ila Mungu kanisaidia."

"Amekukosea nini?"

Alifikiri hakusikia vizuri. "Si ule mlango, Mchungaji."

"Moto ni ajali. Sasa mtu akisema amemsamehe mwenzake, si ameshasema mwenzake ana kosa?"

"Lakini analo."

Mmoja wa wazee akaguna. Mzee Godoro alikuwa akikoroga chai, taratibu, kijiko hakigusi kikombe.

"Mimi sina neno na huyu mtoto," akasema. "Mdogo wake namlilia mpaka leo. Ila wakaguzi wa serikali wanarudi kuwahoji watu. Wakisikia kanisani nasamehewa-samehewa, watauliza nimefanya nini. Kiwanda kikifungwa, nusu ya washirika hawa watakula wapi? Mwulizeni kama hao hawaonei huruma."

"Nifanyeje basi, baba? Nisikusamehe?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Mzee mmoja alidhani ni utani, akacheka, akaona anacheka peke yake, akajifanya anakohoa.

"Ondoa msamaha wako," Mchungaji akasema. "Jumapili utapiga magoti mbele ya washirika. Katibu atatamka, wewe utamfuata. Maneno machache tu, halafu tunakurudisha kundini."

"Na nikishindwa?"

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakumtazama. "Mama hali yake sote tunaijua. Nyumba ikiwa imetengwa, jeneza lake haliingii kanisani. Akina mama hawaruhusiwi kumwimbia, wala mimi siruhusiwi kumzika. Taratibu hizi nilizikuta."

Mzee Godoro akanywa chai.

Wiki hiyo ilikwenda vibaya. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, mmoja akichukua hata kilichokuwa kimeshakatwa. Gari la kiwanda liliegeshwa mchana kutwa ng'ambo ya barabara. Dereva yumo ndani anakula karanga, hashuki, hasalimii. Mshonaji akaenda kwa yule mlinzi aliyeligonga kufuli, walau wawe wawili. Alikuta mlango umefungwa na nguo zimekaukia kwenye kamba. Jirani akamwambia mlinzi kahamishwa. Kahamishiwa wapi? Jirani akakumbuka ana mboga motoni.

Nyumbani mama alikuwa akimsubiri na swali.

"Umewakosea nini watu wa kanisa?"

"Nimemsamehe mtu, mama."

Mama akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Siku hizi hiyo ndiyo dhambi?"

"Inategemea umemsamehe nani."

"Nani?"

Mshonaji akajishughulisha na kukunja shuka. Kufuli lilikuwa pale mdomoni mwake, tayari kusemwa. Akauangalia mkono wa mama juu ya blanketi, mwembamba kama mwiko wa zamani, akalimeza.

"Mimi sina tena muda wa kugombana na wachungaji," mama akasema. "Nataka Meza yangu. Nataka wenzangu waniimbie siku yangu ikifika, nisizikwe kama mbwa. Nenda kapige magoti, mwanangu. Magoti yako bado mazima."

Jumapili kanisa lilijaa pomoni. Mshonaji akapita katikati ya mabenchi huku akisikia jina la mdogo wake likinong'onwa pande zote, akapiga magoti mbele ya madhabahu yenye rangi mpya. Ilikuwa kijivu. Walikaa siku nzima kuchagua kijivu.

Katibu akatamka, sauti inamtetemeka. "Mimi dada yenu."

"Mimi dada yenu."

"Naondoa msamaha wangu."

"Naondoa msamaha wangu."

"Sijamsamehe mzee wetu."

"Sijamsamehe mzee wetu."

"Kwa maana hakuna kosa alilotenda."

Mshonaji akafungua mdomo. Sauti haikuja. Katibu akarudia, safari hii kwa kumbembeleza, na bado haikuja. Kusema hivyo ni kusema Chiriku hakuita. Ni kusema mlinzi hakulia na tofali mkononi.

Ndipo akaona kitu kilichomwogopesha kuliko gari la kiwanda. Aliutafuta ndani yake ule msamaha, alioutolea jasho miezi yote ile, ajishike nao kidogo. Haukuwapo. Walimwambia auondoe, naye ameuondoa. Mahali pake palikuwa na chuki nzima, iliyotulia, isiyo na haraka. Hakujua kama mtu anaweza kuupata msamaha wa namna ile mara mbili.

Watu wakaanza kukohoa. Akainua uso, akasema alichoweza kusema, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho:

"Sijamsamehe mzee wetu."

"Amina!" Mchungaji akadakia upesi, mikono juu.

"Amina!" kanisa likaitikia. Kwaya ikapokea, makofi yakapigwa, mwanamke mmoja akatoka kwenye benchi lake akicheza. Mzee Godoro akashuka kutoka kiti cha mbele, akampa mkono wa ushirika, akamvuta karibu.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema, na alikuwa na machozi, machozi ya kweli.

Alasiri Meza ya Bwana iliyokuwa imezuiwa ikaja kwa mama. Mchungaji alichukua mkate, na kikombe kilibebwa na mzee wa zamu. Zamu ilikuwa ya Mzee Godoro. Aliinama kuingia, akapiga goti kando ya kitanda, akamnywesha mama polepole kama anayenywesha mtoto. Tone likamtoka mama kidevuni, naye akalifuta kwa leso yake mwenyewe.

Mama akaushika mkono ule. Macho yake hayakutambua sura tena. "Nani huyu mwenye mkono mlaini?"

"Mzee wetu wa kiwanda, mama," Mchungaji akajibu.

"Aa! Chiriku wangu alikuwa kwako. Ulimzika vizuri, baba. Jeneza lile mpaka leo watu wanalisema. Mungu akuzidishie."

"Alikuwa binti mchapakazi," Mzee Godoro akasema. Sauti haikumtetemeka.

Mshonaji alisimama ukutani, kucha zimemzama viganjani. Mchungaji akamgeukia na kipande cha mkate. Kukataa mbele ya mama kungekuwa kumweleza mama kila kitu. Na tangu utotoni alifundishwa, na mama huyu huyu, kwamba anayeula mkate huu huku ana chuki na mtu, anakula hukumu yake mwenyewe. Akafungua mdomo. Mkate akauweka chini ya ulimi, akafunga mdomo.

Akakaa nao walipoomba. Akawamiminia chai nao uko mdomoni, akitikisa kichwa walipomshukuru. Kwenye kizingiti Mzee Godoro akavaa kofia yake.

"Wakaguzi watapita hapa kesho," akasema kwa sauti ya chini. "Waambie kama ulivyosema kanisani."

Mshonaji akaitikia kwa kichwa. Mzee akaridhika, akaenda.

Walipotokomea akapita uani, akautema mkate kwenye kiganja. Ulikuwa umelowa, umepoteza umbo. Akasimama nao. Hauwezi kutupwa. Shimo la taka lilikuwa pale, akaona aibu hata kulitazama. Kwenye moto hauendi. Kuumeza hathubutu.

"Mwanangu!" mama akaita kutoka ndani, sauti imechangamka kama ya zamani. "Umeona? Yamekwisha!"

Kuku wa jirani walimwona amekunja kiganja, wakaja mbio wakidhani ana mtama. Wakamzunguka, wakawa wanamrukia mkono. Akauinua juu wasiufikie, akabaki amesimama hivyo.