Kifungu cha Mwisho cha Kibali

Walimwita Mdomo Dizeli kwa sababu maneno yake hayakuwahi kuishiwa mafuta. Kwa miaka tisa aliuza matrekta katika ua wake wa kokoto, na siri yake aliijua mkewe peke yake: alikuwa hajapata kuendesha hata moja. Kila alipouza, alipanda, akakaa, akapiga picha na mnunuzi, kisha akashuka na kumwachia fundi wake kazi.

Asubuhi moja mkaguzi wa serikali alifika na faili. Sheria ya wauza matrekta ilikuwa imebadilika, naye alikuja kuona nani anastahili kibali kipya. Mama huyo alikagua bohari ya vipuri, cheti cha fundi na karatasi za waranti. Akauliza kwa nini shafti ya nyuma ya trekta moja, ile inayozungusha mashine, haina kifuniko cha usalama. Mdomo Dizeli akaeleza kwamba kilitolewa ili wateja waione vizuri. Mkaguzi akaandika, tena akaandika sana.

Halafu akasoma kifungu cha mwisho: mwenye kibali mwenyewe, si fundi wake, sharti amfundishe mnunuzi kuendesha kwa usalama.

"Chukulia mimi ndiye mnunuzi," akasema.

Mdomo Dizeli alisingizia mgongo. Mkaguzi akasema atasubiri upoe. Muuzaji akadai trekta lililokuwa mbele yao limeshaahidiwa mtu. Mkaguzi akaonyesha mengine matano. Mkewe, aliyekuwa akipanga vichujio vya mafuta rafuni, aliinamisha uso. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi mume akapanda.

Ufunguo aliuzungusha vizuri. Balaa ilikuwa gia. Trekta lilirudi nyuma taratibu, kama ng'ombe aliyekwisha kuamua, likakanyaga kiti kitupu alichowekewa mkaguzi, likaelekea choo cha wateja, alimojificha fundi tangu alipoiona faili. Fundi alitoka mbio, mkono mmoja ukishikilia suruali. Mke akarukia ngazi ya trekta, akakanyaga klachi na breki, akazima. Kati ya trekta na ukuta wa choo ilibaki shubiri moja.

"Sogea, baba watoto," akamwambia mumewe.

Akawasha, akazunguka ua mzima, akaliegesha katikati ya mawili mengine, akachomoa ufunguo, huku akimweleza mkaguzi kila hatua. Mke huyo alikuwa amelima shamba la baba yake kwa trekta tangu usichana. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkaguzi akatazama mabaki ya kiti chake, kisha akauliza jina la mke liandikweje.

Kifuniko cha shafti kiliporudishwa, kibali kilitoka kwa jina la mke. Mume akaandikishwa msaidizi wa mauzo, na kwa siku tatu akapanga vichujio rafuni. Ya nne alimwomba mkewe amfundishe.

Jumamosi akapanda tena. Mkewe, akiwa amesimama pembeni, alimwambia aanze kwa kuitafuta breki. Aliipata mara ya tatu.