Uso wa Radi

Karakana ile ya makochi ilikuwa na mtindo wake, na wateja wangeujua wangenuna. Kochi likishavishwa kitambaa kipya halikabidhiwi mpaka lifanyiwe majaribio, na majaribio yenyewe ni filamu nzima: mchana, mlango umerudishwa nusu, Fundi na mkewe na kinyozi wa jirani wamejimwaga juu ya kochi la watu, miguu wameinyoosha. Fundi alikuwa akisema kochi lisilokalika kwa saa mbili si kochi, ni benchi. Hakuna aliyembishia.

Mkewe walimwita Mama Sponji, maana ndiye aliyejaza mito. Alikuwa haoni. Macho yalimwacha miaka sita nyuma, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Mikono yake haikujali. Ilikata sponji, ikapachika vifungo, ikatambua kitambaa kwa kukigusa mara moja tu. Filamu nazo hakuziacha. Fundi alikaa kushoto kwake akimnong'oneza: sasa anapanda ngazi, sasa mvua imeanza, sasa yule mwovu anajifanya analia. Mama Sponji alifumba macho, ingawa kuyafumba hakukuwa na kazi tena, na mambo yote yakamjia kwa rangi zake.

Aliyempenda kuliko wote ni Radi, shujaa wa kofia ya chuma. Kofia ile iliiharibu sauti, akisema utadhani yumo ndani ya tangi la maji. Lakini uso wake Mama Sponji aliujua. Ndio uso wa mwisho aliouona vizuri kwenye skrini kabla ya ukungu kufunga: mwanya, paji pana, macho ya mtu aliyekosa usingizi. Nyuso nyingine zilikwisha kuanza kumpotea, hata za dada zake. Huo haukupotea, naye aliushika kwa nguvu zote.

Siku hiyo walikuwa juu ya kochi la kijani la mwalimu mmoja. Filamu imekwisha, majina yanapanda, jua la alasiri limepenya mlangoni likampasha Mama Sponji vidole vya miguu. Alikuwa hayuko macho wala hajalala. Ndipo kinyozi akaanza. Huyu walimwita Trela, kwa sababu hajamaliza filamu hata moja bila kusinzia, lakini matangazo ya filamu zijazo anayo yote kichwani.

"Nimezipata za ndani kabisa," alisema. "Radi anabadilishwa. Wanatajwa watatu. Mmoja yule wa filamu ya magari, mmoja bondia, na wa tatu simjui, ila ana kifua!"

"Kifua!" Fundi akacheka. "Wewe unachagua shujaa au mpagazi?"

Mama Sponji akaketi wima. "Anabadilishwa nani? Huyu wetu?"

"Huyu huyu, shemeji. Lakini ni uvumi tu."

"Akiondoka huyu, mimi na filamu basi. Huyo mgeni nitamwonea wapi? Mtaniletea kifua, nikiwekee uso gani?"

Mtu mzima na akili zake, anaogopa mambo ya filamu! Aliona aibu, na bado aliogopa.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mwalimu mwenyewe, kaja kuona kochi lake limefikia wapi. Angeweza kufoka, lakini kumbe naye ni mgonjwa wa filamu.

"Mnamzungumzia Radi? Mimi nasema wamwache huyu wa sasa. Yule wa kwanza alipoondoka si tulilia? Mwisho tukamzoea huyu wa ndevu."

"Wa kwanza aliondoka lini?" Mama Sponji aliuliza.

"Miaka minne sasa, mama. Filamu tatu hizi zote ni huyu wa ndevu."

Trela ghafla akakumbuka ana mteja, akatoka. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, akasema kochi atalifuata kesho, akaondoka bila hata kulikalia.

"Fundi," alisema Mama Sponji. "Ulikuwa unaniambia anatabasamu, mwanya unaonekana. Huo mwanya ulikuwa unautoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Kwa nini?"

"Alipovua kofia nikaona si yeye. Wewe umenishika mkono, umeshaanza kutabasamu. Nikashindwa. Nilipoanza kudanganya, nikashindwa kuacha."

"Hukuwa na haki hiyo! Miaka minne nakaa na mtu aliyekwisha kwenda zake, na kinyozi anajua, mimi sijui."

"Nisamehe, mke wangu."

Mama Sponji alifumba macho amtafute Radi, na Radi akaja vilevile, hajazeeka hata siku moja. Na kando yake, katika mwanga uleule, alikuwa amesimama mwanamume mwingine, nywele nyeusi ti, mashavu yamejaa, naye hajazeeka hata siku moja. Ndiye anayezungumza naye kila asubuhi akimpa chai.

"Fundi. Na wewe je?"

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Wewe ninayekuona mimi ni wa miaka sita nyuma. Hebu nisimulie wewe. Na usinifiche kitu."

Springi za kochi zikalia, Fundi akamsogelea.

"Nywele zimeingia mvi," alinong'ona, kwa sauti ileile ya filamu. "Si chache. Zote. Chini ya macho pamekuwa peusi. Nimechoka usoni, mke wangu. Nikijitazama kwenye kioo cha Trela namwona marehemu baba."

Mama Sponji akaanza kumpaka yule kijana weupe kichwani, kidogokidogo. Kijana hakutaka kuondoka. Machozi yalimtiririka, naye aliyaacha, huku akiushika mkono wa mumewe.

"Masharubu nayo?"

"Nayo."

"Haya, endelea."