Mstari Mwekundu wa Sabina

Sabina hakutulia tangu asubuhi. Mara aguse waya, mara afungue dirisha, mara akae na kuinuka tena kama aliyekalia siafu. Kiwanda cha maziwa pale Buhongwa kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, watu wanapunguzwa kazi, na bosi mpya, Bwana Chenge, hakumficha: chombo alichokitengeneza Sabina kikigundua maziwa yaliyotiwa maji, anabaki kazini; kisipogundua, akalime. Muuzaji atakayenaswa, langoni hatakanyaga tena.

Chombo chenyewe kilikuwa kioo chenye mfereji mwembamba kama uzi. Maziwa yakipita humo, mawimbi ya maikrowevu yanayapima. Maji yakizidi, sindano ya kipimo inavuka mstari mwekundu. Mstari huo Sabina aliuchora kwa kupima maziwa ya mama yake, Dorotea. Angemwamini nani mwingine?

Wauzaji wakajaa mlangoni, Dorotea akiwa miongoni mwao. Chenge akachukua maziwa ya Masele, mmoja wa wauzaji, akayatia maji ya bomba mbele ya macho ya wote. Sindano ikapanda kidogo, ikaishia chini ya mstari.

“Kwa hiyo haya ni safi?” Chenge akacheka. “Dada, hiki chombo au ramli?”

Sabina akakagua waya, akapuliza mfereji. Hakuna kilichoharibika. Basi kosa lilikuwa kwenye mstari. Akainua macho, akamwona mama yake anatazama sakafu, akakumbuka mstari aliuchora kwa maziwa ya nani.

“Waya umelegea, bosi,” akasema haraka.

“Haujalegea,” Dorotea akasema, akisogea na ndoo yake. “Pima haya.”

“Mama, acha.”

“Pima, mwanangu.”

Sindano ikasimama juu ya mstari mwekundu, sawasawa.

“Bibi yako alitufundisha, maziwa hayatoki bomani bila kutiwa maji, la sivyo ng'ombe atakauka,” Dorotea akasema. “Hata yale niliyokuletea wewe nilitia. Ningemkaushaje ng'ombe aliyekusomesha?”

“Kumbe chombo ni kizima, mstari ndio mbovu,” Chenge akasema, akamwagiza Sabina achore mstari upya, kwa maziwa atakayoyashuhudia yakikamuliwa.

“Na wewe mama, sheria unaijua.”

“Naijua, baba.” Dorotea akajitwika ndoo, akamgeukia binti yake. “Kwa hiyo umebaki kazini?”

Sabina alishindwa kumtazama. “Nimebaki, mama.”

“Haya. Jumapili nitakuletea mengine ya chai. Ila usiyapime.”