Tanzia Langoni kwa Stoyna

Rumyana Gancheva alipanda ngazi zote za chuo kikuu kwa mgongo wa mama yake, na ngazi iliyobaki ilikuwa moja tu: uprofesa. Nakaa naye ofisi moja hapa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, meza zetu zinatazamana, na niseme mapema kwamba simpendi. Utafiti wake ni juu ya simu za video. Wazee wetu wamebaki vijijini, watoto wapo Hispania na Ujerumani wanaosha vyombo vya watu, na Rumyana akaandika kitabu kuthibitisha kwamba mtoto anayepiga simu ya video kila siku ni mtoto aliye nyumbani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yeye aliandika kurasa mia nne kuwapinga.

Mfano wake mkuu ni "Bibi S.", mjane wa kijiji kimoja upande wa Vidin, ambaye kila asubuhi hunywa kahawa na binti yake kupitia kioo cha simu. Bibi S. ni mama yake mzazi, Stoyna. Kwa gari ni mwendo wa saa nne tu, lakini Rumyana alikuwa hajakanyaga huko miaka mitatu. Alikuwa na shughuli nyingi za kuandika juu yake.

Siku moja kabla ya kusimama mbele ya jopo la kumpa uprofesa, akaletewa picha kwenye simu. Lilikuwa lango la mama yake. Kwetu mtu akifa tunabandika tanzia yenye picha yake langoni, kituo cha basi na mlangoni mwa kanisa. Arobaini ikitimia tunabandika nyingine, na nusu mwaka nyingine tena. Hii ilikuwa ya arobaini, na uso uliokuwa ukitabasamu juu yake ulikuwa wa Rumyana. Chini imeandikwa: "Arobaini tangu alipotutoka binti yangu wa pekee. Mama."

Akacheka. Kisha simu ikaita: Profesa Hadzhiev, mwenyekiti wa jopo, ambaye mkewe ni wa pande zile zile.

"Rumyana, nasikia umefariki. Kesho utakuja au tuahirishe?"

Hapo kicheko kikamkauka. Bila Bibi S. hakuna kitabu, na bila kitabu hakuna uprofesa. Isitoshe, kesho alipanga kumpigia mama yake mbele ya jopo zima, picha ioneshwe ukutani, wamwone kikongwe anavyofurahi. Gari lake lilikuwa gereji, akaniomba nimpeleke kijijini. Nikamwambia twende. Tamasha kama hilo halinipiti.

Kituo cha basi, palipobandikwa tanzia ile ile, tulimkuta Ginka, jirani wa Stoyna, akafanya ishara ya msalaba.

"Marehemu kaja na miguu yake! Vipi mwanangu, huko siku hizi wanatoa ruhusa?"

"Shangazi Ginka, acha utani wako. Nani kabandika upuuzi huu?"

"Gundi nimeshika mimi. Mama yako mikono inamtetemeka, ulitaka abandikiwe na nani? Na wewe?"

Stoyna tulimkuta jikoni akichanganya ngano ya kuchemsha na sukari na kokwa za jozi, ile tunayokula kuwaombea wafu. Hakuinuka.

"Mama, kesho ndiyo siku yangu! Kwa nini umeniua?"

"Nimekuua mimi? Baba yako alipotimiza miaka mitatu tangu afe, ulikuja makaburini?"

"Si nilikuwepo! Nilikuwa kwenye simu muda wote."

"Ginka alikuegemeza msalabani, kando ya mshumaa. Nikatazama nikaona picha mbili, yako na ya baba yako. Zote zinatabasamu, na hakuna hata moja iliyoshika jembe. Padri hajamaliza kuimba, ukasema, 'Samahani mama, nina kikao,' ukazimika. Siku ile ile nikaanza kuhesabu arobaini."

Nilikuwa nimejipakulia jozi bakuli zima. Sijawahi kula jozi tamu vile.

"Unataka nifanye nini, mama? Sema basi."

"Lala hapa leo. Kesho asubuhi twende tukapalilie kaburi la baba yako, mimi na wewe. Tukirudi nitaibandua kwa mkono wangu."

"Kesho asubuhi nina jopo!"

"Haya, nenda. Maiti halazimishwi kulala kwa mtu."

Rumyana alishika mgongo wa kiti. Angeketi, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Akatoka, akaipiga ile tanzia picha mahali penye mwanga mzuri, kisha akaichana. Kwetu hata mlevi hachani tanzia. Ginka alitema mate chini, akaingia kwake.

Asubuhi, mbele ya jopo, akaonyesha picha ile akaiita "upinzani wa mtumiaji mzee". Jopo likapendezwa mno.

"Basi tumwone huyo mama," Hadzhiev akasema.

Angeweza kusingizia mtandao. Kiburi hakikumruhusu, akapiga. Stoyna akapokea, akaiegemeza simu juu ya meza, na ukutani tukamwona yeye na wanawake wa kijiji, wote wamevaa nyeusi. Akawasha mshumaa mbele ya simu. Akaweka kijiko cha ngano kwenye kisahani, akamwaga matone ya divai sakafuni.

"Mama, tuna wageni hapa, wasalimie..."

"Rumyana, mwanangu," Stoyna akasema, hasemi naye. "Mungu amsamehe."

"Mungu amsamehe," wanawake wakaitikia.

Sasa neno hilo la kuwaombea wafu, mtu aliyelelewa kwetu haliachi bila kuliitikia. Hadzhiev alikuwa ameshasimama kabla hajafikiri. "Mungu amsamehe," akasema, na jopo zima likasimama likasema vile vile. Nami nilisimama, na sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Rumyana alikuwa amesimama mbele ya ukuta, ule mshumaa mkubwa unawaka mgongoni kwake, na hakuna aliyemtazama usoni.

Walimpa kura zote. Hadzhiev alisema hajawahi kuona ushahidi mzito kama ule, ila hakusema ni ushahidi wa nini.

Siku hizi ni profesa. Kila asubuhi saa ya kahawa humpigia mama yake, nasikia kila kitu kutoka mezani kwangu. Stoyna hupokea siku zote. Kibiriti kinawashwa, kisha kimya. "Mama? Mama, ni mimi." Akichoka hukata simu, akaenda kufundisha.

Msimu wa majani kupukutika nilipita kijijini kununua pombe ya plamu. Langoni kwa Stoyna kuna tanzia mpya, ya nusu mwaka. Picha ni ile ile, na gundi ni ya Ginka. Kilichobadilika ni jina, maana mama mtu hakusahau kuongeza cheo: Profesa Rumyana Gancheva.