Miguu ya Punda

Siku Rajabu alipomkataa Tatu mbele ya wazazi wa pande zote mbili, alitoa sababu moja tu: hawezi kuoa mwanamke mwenye miguu ya punda. Miguu hiyo Tatu aliipata kwa kushuka kutoka kijijini kwao mlimani hadi gulioni Mnazi na kupanda tena, mzigo wa ndizi kichwani. Rajabu yeye miguu ya nini? Alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, mwenye redio, na tangu Azimio la Arusha alikuwa amekaa kitini akiisikiliza, kikombe cha chai ya sukari tele mkononi. Kijana mbichi, kitambi cha mzee.

Tatu hakulia. Neno lile alilitunza moyoni kama mbegu.

Gari la sinema lilipofika Mnazi, alipita dukani. "Leo wanaonyesha picha mbili," alisema. "Na njia ni mteremko mtupu."

Hapo hakudanganya. Rajabu alifunga duka, akakumbatia redio yake, akateremka.

Kesho yake Tatu na wanawake wenzake watatu, wakirudi kutoka gulioni, walimkuta katikati ya mlima. Amekaa juu ya jiwe, redio mapajani, anahema kama aliyefukuzwa.

"Dada Tatu, siwezi hata hatua moja. Na wajomba wa mchumba wangu wanakuja leo baada ya adhuhuri."

Tatu alilijua hilo. Alimpa maji, kisha wakakata miti miwili na kuifunga magunia, ikawa machela.

"Waite wanaume," Rajabu aliomba.

"Wanaume wako shamba la ujamaa. Panda, au wajomba wakukose."

Akapanda. Tatu alishika mbele, na kila alipomsikia akiguna kwa aibu, bega lake lilikuwa jepesi.

Milimani machela ikionekana, watu wote hutoka kumpa pole mgonjwa. Kijiji kizima kiliwafuata hadi uani kwa kina Rajabu, ambako wajomba walikuwa wamesimama.

"Shikamooni, wajomba," alisema Tatu, akiishusha machela. "Bwana harusi huyu hapa."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

"Haumwi. Alikwenda kutazama sinema, kupanda kukamshinda."

Wajomba walitazamana, wakaaga bila hata kuonja kahawa. Tatu akamwekea Rajabu redio tumboni, akaifungulia sauti, akaenda zake kwa miguu yake ya punda.